Rangi Mpya Juu ya Mapambo ya Zamani

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wazee wa ukoo, mchana wa siku ya pili ya mkutano wetu)



Wapo waliovuka bahari kutoka Uingereza, wapo walioendesha gari siku mbili mfululizo kutoka Texas, na tupo sisi wa hapa Pennsylvania ambao safari yetu ilikuwa kutoka jikoni hadi ukumbini. Wote karibuni sana. Naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa dakika ishirini. Kamati ilikuwa imenitaka niseme juu ya wosia na mirathi, kwa kuwa nimefanya kazi ya masijala karibu maisha yangu yote, na watu huamini kwamba mtu wa masijala hajui kitu kingine isipokuwa karatasi. Nikaomba nibadilishiwe mada. Nilipomwambia katibu wetu kwamba nataka kuzungumzia namna ya kupaka rangi mapambo ya zamani ya Krismasi, tena katikati ya mwezi wa Julai, alinyamaza kwenye simu kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu kama siku hizi ninapata usingizi wa kutosha. Napata, Bwana Katibu. Nakushukuru kwa kunijali.

Wengi wenu mnajua kwamba niliitumikia Serikali ya Tanzania kwa miaka kumi na miwili, na kwamba baada ya kuhamia huku mwaka 1992 niliajiriwa katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, nikakaa humo hadi nilipostaafu mwaka 2021. Mama watoto alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka 2019. Mtu akistaafu hali ya kuwa nyumba imebaki kimya, hujikuta anashuka katika chumba cha chini kutafuta kazi. Mimi nilishuka nikakuta maboksi manne ya mapambo ya Krismasi ambayo hayakuwa yamefunguliwa tangu mwenyewe alipoyafunga. Katika boksi la kwanza mlikuwa na vitufe vya kioo tulivyonunua kwa dola mbili katika mnada wa mitumba wa kanisa mwaka 1993. Katika la pili na la tatu mlikuwa na mapambo ya plastiki, mengine yamechujuka kiasi kwamba huwezi kujua yalizaliwa mekundu au ya dhahabu. Na ndani ya boksi la nne mlikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo, zikiwa zimeviringishwa katika soksi kuukuu, mlikuwa na balbu tano za umeme zilizoungua.

Nawaomba radhi wajukuu, hapa inanipasa kurudi nyuma kidogo.

Krismasi ya mwaka 1982 ilitukuta Mbeya mjini. Mimi nilikuwa karani kijana, na mke wangu mwalimu wa shule ya msingi, tumeoana mwaka mmoja tu. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka miaka ile. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni hazikuwapo, na mtu alipanga foleni ya sabuni, akafika mbele akaambiwa sabuni imekwisha, lakini kuna nyembe. Mapambo ya Krismasi hakuna aliyeyauliza. Watu walipamba kwa pamba, kwa karatasi za rangi, na kwa ile karatasi ya fedha iliyomo ndani ya paketi za sigara, ambayo watoto waliikusanya tangu mwezi wa Septemba. Sisi tulikuwa na tawi la msindano ndani ya ndoo ya mchanga, na hatukuwa na kitu cha kulitundikia.

Balbu zilizoungua, hata hivyo, tulikuwa nazo. Umeme ulikuwa ukikatika, na ukirudi ulirudi kwa hasira. Mke wangu hakutupa kitu maishani mwake, naye alikuwa ameziweka chini ya kitanda. Kuhusu rangi, nakiri mbele ya ukoo mzima kwamba ilikuwa rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki baada ya kupakwa milango ya ofisi. Lakini lilikuwa bati lililoganda juu, ambalo mtunza stoo alikwisha kuliandikia hati ya kuliondoa katika mali ya serikali. Hati hiyo niliifaili mimi mwenyewe. Tulifunga uzi shingoni mwa kila balbu, tukaichovya, tukaitundika kwenye kamba ya nguo nje ya nyumba. Jirani yetu alipita asubuhi akatuuliza kwa nini tunaanika nyanya zikiwa nzima. Mwaka 1983, binti yetu wa kwanza akiwa na miezi minane, tukaongeza nyingine. Na tulipofunga mizigo ya kuja huku mwaka 1992, mimi nilizitoa sandukuni mara mbili, na mara zote mbili mwenzangu alizirudisha.

Nilipozikuta ndani ya lile kopo, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa haya. Tulikuwa tumewatundikia watoto takataka. Sikujua wakati huo kwamba pambo la kioo linalouzwa madukani huku lina udugu wa damu na balbu. Jambo hilo nililijua baadaye, tulipokwenda wastaafu basi zima kuitembelea makumbusho ya kioo katika mji wa Corning, jimbo la New York.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Vitufe vya kioo vya Krismasi asili yake ni Lauscha, kijiji cha milimani huko Ujerumani, ambako watu walianza kufua kioo mwaka 1597. Katika karne ya 19 mafundi wa huko, wakiwa majumbani mwao pamoja na wake na watoto, walipuliza kila kitufe kwa pumzi ya kinywa. Mmoja alipuliza, mwingine akatia dawa ya fedha kwa ndani ili king'ae, mwingine akapaka rangi kwa nje. Kuanzia miaka ya 1880 mfanyabiashara F. W. Woolworth akawa anavileta Marekani kwa wingi. Basi vita vilipokaribia katika miaka ya 1930, wauzaji wa huku wakahofia kwamba mizigo ya Ujerumani itakatika. Bwana mmoja mwenye asili ya Ujerumani, Max Eckardt, akaiendea kampuni ya Corning, ambayo ilikuwa na mtambo wa ajabu: utepe wa kioo cha moto unapita juu, hewa inapulizwa kutoka juu, na balbu zinadondoka chini kwa maelfu. Mwaka 1939 mtambo huo wa kutengenezea balbu ukaanza kutengeneza vitufe vya Krismasi, na kufikia mwaka 1940 ulikuwa ukitoa vipatavyo 300,000 kwa siku. Kazi hiyo ilifanyika katika kiwanda chao cha Wellsboro, hapa hapa Pennsylvania, mwendo wa saa chache tu kutoka ukumbi huu.

Kisha vita ikaleta huku foleni zake pia. Fedha na madini mengine yakahitajika jeshini. Vitufe vya miaka ile vikauzwa bila fedha ndani, kioo kitupu kinachoonyesha upande wa pili, na juu yake mistari michache myembamba ya rangi. Hata kile kikofia cha bati kinachoshika kulabu kikawa cha karatasi ngumu. Nilisimama mbele ya maelezo hayo kwa muda mrefu hadi kiongozi wa msafara akaja kunitafuta. Hapo nikajua kwamba walichofanya mafundi wa Wellsboro wakati wa dhiki na tulichofanya sisi uani Mbeya mwaka 1982 ni kazi moja: una umbo la balbu, huna kitu cha kung'arisha, una rangi kidogo.

Nikarudi nyumbani nikanunua brashi.

Sasa naingia katika kazi yenyewe, na hapa nitakwenda polepole kwa sababu nimeharibu mengi, na hakuna haja ya ninyi kuyaharibu tena.

Kwanza kabisa, mtu ajue anapaka kitu gani. Kitufe cha kioo cha zamani kina ngozi mbili: fedha iko ndani, rangi iko nje, na zote mbili ni nyepesi kuliko karatasi. Mwaka wangu wa kwanza nilivitumbukiza vitufe sita ndani ya beseni la maji ya sabuni kama mtu anayeosha vikombe. Nilipovitoa, dhahabu yote ilikuwa imebaki katika maji, na maji yaliyoingilia shingoni yalikuwa yamebambua fedha vipande vipande, kama ukuta ulioachwa na chokaa yake. Kwa hiyo kioo usikioshe. Kifute vumbi kwa brashi laini kavu. Kama umekwisha kuamua kukipaka upya kwa nje, kifute kwa pamba yenye spiriti kidogo ili kuondoa mafuta ya vidole, kisha usikishike tena mwilini. Plastiki yaweza kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo bila wasiwasi, ila nayo ina ugonjwa wake: rangi ya kupuliza kutoka kwenye kopo huila. Niliipuliza juu ya nyota ya plastiki, na nilipokuwa nimesimama nikiitazama kwa fahari, uso wake ukaanza kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Rangi ya maji ya akriliki haifanyi hivyo, na ndiyo ninayotumia kwa kila kitu.

Kitufe hakipakwi mkononi. Kivue kikofia chake kwa kubana ule waya taratibu, kisha ukivalishe juu ya kijiti. Mimi natumia vijiti vya kulia chakula cha Kichina, ambavyo nimevikusanya vingi kuliko inavyompasa mtu mzima, na mwisho wa kijiti nauchomeka katika nusu ya kiazi ili kisimame chenyewe. Mpako wa kwanza uwe mweupe na mwembamba, kwa sababu kioo ni utelezi na rangi haikipendi mara moja. Uache ukauke kabisa kabla ya wa pili. Katika chumba cha chini chenye unyevunyevu, mpako ambao kiwandani wanasema hukauka kwa saa moja unaweza kukuchukua usiku kucha, na mwenye haraka huvuruga yote kwa brashi.

Vile vitufe vyangu sita vilivyopoteza fedha sikuvitupa. Kitufe cha namna hiyo hupakwa kwa ndani. Unamimina rangi laini kidogo kwa njia ya shingo, unakigeuzageuza mpaka rangi imetambaa kila mahali, kisha unakipindua katika trei ya mayai ili iliyozidi ichuruzike. Hapo subira inatakiwa, siku mbili au zaidi, na kikofia kisirudishwe mapema, la sivyo rangi haitakauka na itakusanyika chini kama uji. Ukifanikiwa, kioo kinabaki kikavu na chenye kung'aa kwa nje, na rangi inaonekana kwa ndani kama maji ya matunda ndani ya bilauri.

Jambo la hatari nalitaja mara moja, nanyi wenye watoto wadogo mlisikie. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye madini ya risasi mwaka 1978. Pambo lililotengenezwa kabla ya hapo laweza kuwa na risasi katika rangi yake. La namna hiyo usilipige msasa, usilikwangue, na usimpe mtoto alitie kinywani. Na kama kuna atakayetaka kuiga balbu zetu za Mbeya, atumie zile za zamani zenye waya ndani. Zile zilizojipinda kama utumbo zilizokuja baadaye zina zebaki. Zikipasuka ni balaa.

Aidha, ukikuta kitufe cha kioo kitupu chenye mistari myembamba na kikofia cha karatasi ngumu, usikipake kitu chochote. Hicho kimetoka vitani.

Naja sasa katika sehemu niipendayo mwenyewe. Katika mapambo ya plastiki yaliyochujuka tulikuwa na mengi ambayo hata yakipakwa rangi ya kung'aa yanabaki kuonekana ya bei rahisi. Mwanamke mmoja katika kanisa letu alinionyesha hila: changanya rangi ya akriliki na magadi ya unga, yale meupe ya kuumulia keki, si hamira. Mimi naweka kijiko kimoja cha magadi kwa vijiko viwili vya rangi, nikikoroga mpaka iwe nzito kama ugali wa mtoto. Rangi hiyo haing'ai. Unaipaka kwa kuigongagonga kwa brashi badala ya kuivuta, na ikikauka uso unakuwa na chembechembe na vinyweleo, na plastiki ya dola moja inaonekana kama udongo uliochomwa.

Nilipokitazama kitufe cha kwanza nilichokipaka hivyo kwa rangi ya maziwa, sikuona Krismasi. Niliona chungu cha Kikisi.

Vijana wa huku pengine hawajui ninachosema. Kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, upande wa Ikombe karibu na Matema, wanawake wa Kikisi wamekuwa wakifinyanga vyungu tangu enzi za babu zetu, na vyungu hivyo vilifika Kyela, Tukuyu na Mbeya, vimepangwa na kufungwa kwa majani ili visigongane. Chungu cha Kikisi unakijua ukiwa mbali. Mwili wake ni wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, mdomo ni mpana, na begani kimezungushiwa mapambo ya rangi nyekundu ya udongo. Mama yangu alikuwa na vitatu, na cha maji hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukisogeza. Basi nikachukua brashi nyembamba, nikazungusha ukanda wa wekundu wa udongo begani mwa kitufe, nikatia pembetatu ndogondogo chini yake, kisha nikapitisha juu yake rangi ya kahawia iliyotiwa maji mengi na kuifuta mara moja kwa kitambaa, ili uchafu wa moshi ubaki katika vinyweleo. Nimekwisha kutengeneza arobaini na moja. Wajukuu wangu wawili nao wametengeneza vyao, na mmoja amemzungusha Spider-Man begani mwa chungu. Sikumkataza. Ila nilimweleza Matema iko wapi, akaitafuta kwenye ramani ya simu, akaniuliza kwa nini hatujawahi kwenda kuogelea huko, na sikuwa na jibu lililonyooka.

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapa, mkapiga makofi, tukaenda kula. Lakini nilipoomba mada hii, nilikuwa na jambo jingine la kusema, na binti yangu, ambaye ameketi pale kwenye meza ya tatu, ameniruhusu kulisema.

Mwezi wa Desemba mwaka 2022, baada ya mafanikio yangu katika vyungu, nilizikumbuka zile balbu tano. Nyekundu yake ilikuwa imekuwa nyeusi kama damu ya kale, na zilikuwa na mafuta na vumbi la miaka arobaini. Niseme pia kwamba wakati huo nilikuwa nangojea operesheni ya mtoto wa jicho, na kila kitu nilikiona kama kupitia chandarua. Nikaichukua mojawapo, nikaifuta vizuri kwa spiriti kama nilivyowafundisha ninyi hivi punde, nikaipaka nyeupe, nikaipaka rangi ya maziwa, nikaizungushia ukanda begani. Ilipendeza. Niliitundika mbele kabisa ya mti, mahali pa heshima.

Binti yangu alifika na wanawe siku mbili kabla ya Krismasi. Baada ya chakula alilifungua lile kopo, akazihesabu balbu, akaniuliza, "Baba, iko wapi balbu yangu?" Nikamwonyesha kwa furaha. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Hakusema neno. Alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Nilichokuwa sikijui, au nilichokuwa nimekisahau kabisa, ni hiki. Ile Krismasi ya mwaka 1983 mama yake alikuwa ameandika juu ya balbu moja, kwa wino mweupe wa kufutia makosa ya taipu ambao mimi mwenyewe nilimletea kutoka ofisini, jina la mtoto na tarakimu za mwaka. Wadogo zake walipozaliwa hatukuwa tena na balbu wala rangi, kwa hiyo hakuna mwingine aliyeandikiwa. Mama yao hakutaka waulize. Kila mwaka aliitundika balbu ile akiwa ameligeuzia jina upande wa shina, na usiku, wadogo wakiisha kulala, alimwita binti mkubwa akamgeuzia amwonyeshe mara moja, kisha akairudisha. Aliendelea hivyo hata huku Marekani, hata binti alipokuwa mwanafunzi wa chuo. Mimi niliishi katika nyumba ile ile miaka yote hiyo, na sijawahi kuuona upande wa nyuma wa pambo lile.

Na spiriti, kama mnavyojua wenye kazi za ofisi, huyeyusha ule wino mweupe.

Nilijaribu kurudisha. Nashukuru rangi ya akriliki haishiki kioo wala rangi ya mafuta kwa nguvu sana. Niliilaza balbu ndani ya kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, na kila jioni kwa jioni tatu niliiinua rangi yangu ngozi kwa ngozi kwa kijiti cha meno, nikitumia taa ya mezani na lenzi ya kusomea. Nyekundu ya Mbeya iliibuka. Kutoka katika jina zilirudi herufi tatu za mwanzo. Kutoka katika mwaka zilirudi tarakimu mbili za mwisho. Nilimuuliza kama ningeweza kuyaandika upya yaliyopotea, kwa kuwa mwandiko wa mama yake naujua kuliko wangu. Akasema, "Acha hivyo hivyo, Baba." Akaifunga ndani ya soksi yake, akaondoka nayo.

Tangu siku hiyo hadi Pasaka alinipigia simu za salamu tu. Umeshindaje, umekula nini, haya Baba, usiku mwema. Mtu aliyelea watoto anajua uzito wa simu za namna hiyo. Operesheni ya jicho ilifanyika mwezi wa Februari, nikaanza kuona vizuri, na kitu cha kwanza nilichokiona vizuri kilikuwa zile balbu nne zilizobaki. Nilizigeuza zote chini ya taa. Hazina maandishi. Nilizigeuza tena mara kadhaa.

Jumatatu ya Pasaka aliegesha gari mbele ya nyumba, akaingia na boksi kubwa mikononi. Lilikuwa limejaa vitufe vya kioo na kengele za plastiki alizokuwa amezinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vyake mbele ya gereji, pamoja na chupa sita za rangi, mpya, bado zina bei. Akaliweka mezani akaniambia, "Hivi havina mwenyewe. Paka."

Tukapaka hadi saa nne usiku.

Tangu hapo nimerudi katika tabia zangu za masijala. Hakuna pambo linaloingia mezani kwangu bila kwanza kugeuzwa pande zote chini ya taa, na kila moja lina kadi yake: limetoka wapi, nani alilinunua au alilitoa, lina alama gani, na kama limepakwa, limepakwa lini na rangi zipi. Wanangu wananicheka. Mwezi uliopita mjukuu aliijaza kadi moja peke yake, akaandika penye mstari wa mwenye mali: "Bibi, lakini hajui." Nimeiacha kama alivyoiandika.

Kesho baada ya ibada kutakuwa na meza ndefu pale kwenye mlango wa jikoni. Kamati imetandaza magazeti, mimi nimeleta rangi, brashi, vijiti na nusu gunia la viazi, ambavyo baada ya kazi visipikwe. Waliokumbuka kuleta mapambo yao ya zamani kama tangazo lilivyoomba, wayaweke upande wa kushoto. Wasioleta, lipo boksi la vitu visivyo na mwenyewe upande wa kulia, nao wachague. Watoto wa chini ya miaka sita watumie ya plastiki tu. Lakini wale wenye mapambo yaliyotoka katika maboksi ya wazazi, au ya ndugu zetu waliotangulia, nawaomba wasipitie mezani moja kwa moja. Waanzie kwangu. Nitakuwa nimeketi penye kona, nina taa na lenzi, na macho yangu sasa ni mazima.